Ndovu Wachanga wa Nairobi: Weka Nafasi Mapema

Kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hupokea umma kwa muda wa saa moja tu kwa siku: saa tano hadi saa sita mchana. Na ni lazima uweke nafasi mapema. Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watalii wamefurika, usingoje wiki ya safari. Kiingilio cha mbuga hulipwa kando, kwa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS). Ondoka mjini mapema, maana foleni ya magari kwenye barabara ya Lang'ata haina huruma. Ukichelewa utakosa kinachopendeza kuliko vyote: ndovu wakija mbio, masikio yakipepea, kila mmoja akikimbilia chupa ya maziwa, kisha wakigaagaa topeni. Watoto wasimame mbele, kwenye kamba, na wavae nguo za kuchafuka, tope huruka.