Mbuga ya Central Island: Mahali Maji ya Nyanda za Juu Yanakoishia

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Uasin Gishu, Eldoret



Ikitajwa mbuga ya wanyama, wakazi wengi wa Eldoret hufikiria Maasai Mara au Nakuru. Wachache hukumbuka kwamba barabara ya Kitale, ukiifuata kupita Kapenguria, Marich na Lodwar hadi Kalokol, humfikisha msafiri karibu na mbuga ya kitaifa iliyozungukwa na maji pande zote. Mbuga hiyo ni Central Island, ndani ya Ziwa Turkana.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 5 hivi, na ni volkano. Hadi leo mvuke hutoka kwenye nyufa za miamba. Juu yake kuna maziwa matatu yaliyojaa katika mashimo ya volkano: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Mamba wa Nile hutaga mayai kwenye mchanga wa kisiwa hiki, na karibu na Aprili na Mei vifaranga huanguliwa. Ndege wanaohama kati ya Afrika na Ulaya nao hupumzika hapo.

Central Island ilifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983. Mwaka wa 1997, pamoja na Sibiloi iliyo ufuo wa mashariki, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. South Island, kisiwa kikubwa zaidi upande wa kusini, iliongezwa mwaka wa 2001.

Je, hayo yanamhusu vipi mkulima wa Moiben au mfanyabiashara wa Eldoret? Yanamhusu kupitia maji. Mvua ikinyesha juu ya msitu wa Kaptagat hugawanyika. Inayoteremka magharibi huingia Sosiani, kisha Nzoia, hadi Ziwa Victoria. Inayoteremka mashariki kwenye ukingo wa Elgeyo huingia mto Kerio, na Kerio humwaga maji yake Ziwa Turkana.

Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua tu. Kwa hiyo chochote kinachoingia, kama ni udongo, dawa ya shambani au chupa ya plastiki, hakina njia ya kutoka.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutoka mto Omo, Ethiopia. Mwaka wa 2018 UNESCO iliweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi ulio hatarini, ikitaja athari za bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye mto huo. Suala la Omo huzungumzwa kati ya serikali mbili. Lakini Kerio na Turkwel ni mito ya hapa nyumbani. Mti unaopandwa kwenye mteremko, na shamba lisilolimwa hadi ukingoni mwa mto, ni kazi isiyosubiri mkutano wa mataifa.

Kwa wanaopanga safari, yafaa kuzingatia haya:

Ada ya kuingia mbuga za KWS hulipwa kupitia eCitizen. Lipa mapema, na uulize hali ya barabara kabla ya kuondoka.

Usipande mashua bila jaketi la kuokoa maisha, hata kama unajua kuogelea. Upepo wa Turkana huinua mawimbi ghafla. Mwaka wa 1934 wanasayansi wawili walivuka kwenda South Island na hawakuonekana tena. Nahodha akisema leo hatuendi, msimshurutishe.

Usiogelee, na usisogelee ukingo wa maziwa ya kisiwani. Mamba wako kwao. Wewe ndiye mgeni.

Beba maji ya kunywa ya kutosha. Maji ya ziwa yana magadi, na jua la huko ni kali.

Plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga za Kenya tangu Juni 5, 2020. Ulichobeba, rudi nacho.

Hatimaye, tafuteni mashua na waongozaji wa Kalokol na Eliye Springs. Jamii inayopata riziki kwa sababu kisiwa kipo ndiyo itakayokuwa ya kwanza kukilinda.

Mwenye shamba juu ya ukingo wa Elgeyo na mvuvi wa Kalokol huenda wasikutane maisha yao yote. Hata hivyo maji ya mto mmoja huwaunganisha: wa juu akiyachafua, wa chini ndiye anayeyapokea.