Kamera Haioni Tuta

Msikilizaji unayeelekea Morogoro jioni hii, huenda gari lako lililotoka Japani, kwa mfano Subaru yenye mfumo wa EyeSight, lina kamera mbili ndani ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Hupima umbali wa gari lililo mbele, na hatari ikikaribia mfumo hushika breki wenyewe. Ni msaada mkubwa. Lakini mvua kubwa, ukungu na jua la magharibi linalokupiga usoni huzipofusha. Tuta hazilitambui. Na lile lori lililoharibika gizani, bila taa, lililowekewa matawi tu nyuma yake, usiuachie mfumo ulione. Macho yako barabarani, mikono kwenye usukani. Ukibadilisha kioo cha mbele, fundi azipime upya kamera. Ukihisi usingizi, tafadhali egesha mahali salama, ulale.