Kifafa: breki zilizo ndani ya ubongo

Mtu akianguka kifafa pale steji ya Ruiru, hakosi wa kuitisha kijiko cha kumtia mdomoni. Kijiko huvunja meno tu. Mlaze ubavu, mlegezee kola. Mtukutiko wenyewe, mara nyingi, huzimwa na ubongo ndani ya dakika chache. Neva zikichachamaa humwaga kemikali ya breki, niuropeptidi Y, iliyogunduliwa Uswidi mwaka 1982. Ikishika kipokezi cha Y2, hupunguza glutameti, kemikali ya kuchochea. Panya waliozalishwa bila peptidi hiyo hushikwa na degedege kirahisi zaidi.

Dawa ya kupitia njia hiyo bado hutaipata dukani, Thika wala Nairobi. Tunayo fenobabitali, ya tangu 1912, inayotumia vipokezi vingine, vya GABA, kemikali ya kutuliza. Hiyo usiikatize ghafla, hata ukiahidiwa maombi: degedege hurudi kwa kishindo.