Maneno ya Mwenyekiti Kuhusu Picha ya Jalada



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha miaka 10. Mambo ya hisa na mikopo mweka hazina atayasema. Mimi naomba niseme juu ya picha ya jalada, maana maneno yamekuwa mengi.

Picha hii kaichora binti wa mwenzetu kwa rangi za maji, ndani ya kitalu nyumba chetu. Wako waliouliza kwa nini tusipige ya simu, ambayo ni bure. Nilikaa naye asubuhi mbili nikaiona kazi. Kwenye rangi za maji nyeupe haipakwi, nyeupe ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo ule mwanga wa kwenye nailoni na zile kamba za nyanya aliziacha wazi, akaanza na rangi hafifu, nzito zikaja mwisho. Na mle ndani mna joto la unyevunyevu, karatasi haikauki upesi. Ukiwahi kugusa, kijani kinakimbilia kwenye kamba. Ikawa kila mara anatoka kuianika mlangoni kama mboga! Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, naye alichora mimea mingi ya Kenya kwa rangi hizi miaka ya 1940. Si mchezo wa watoto.

Sasa lile tuta tupu upande wa kushoto. Baadhi yenu mmenifuata hadi nyumbani mkitaka lijazwe nyanya, eti wageni wasione tumeshindwa. Jamani, mnyauko tuliupata kweli. Ugonjwa ule unakaa kwenye udongo, mche unalala ungali kijani, na dawa ya kupuliza haiuponyi. Tuling'oa miche yote, na rejesho la mkopo tukachangia kutoka mifukoni, hata wajane walitoa. Ndiyo maana tuta limepumzika, halipandwi nyanya, bilinganya wala pilipili. Nimesema picha haiguswi, na kamati imekubali. Isitoshe, rangi za maji ukizirudiarudia zinakuwa tope.

Binti tulimnunulia karatasi na rangi tu. Naomba mkutano wa leo umpangie posho yake, kisha picha yenyewe itundikwe ofisini, mbali na dirisha, kwa sababu jua huzififisha rangi hizi.