Mbwa wa Kikundi na Dawa ya Kansa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mikopo wala matangi ya maji. Tumekuja kuzungumza juu ya mbwa. Tunajua wengine mtacheka, lakini ngojeni kwanza.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama wanaofuga mbuzi wa maziwa. Usiku mbuzi wakilala, mlinzi wao ni mbwa mmoja jike. Mbwa huyo alianza kudondosha damu kwa nyuma, na walipomwangalia vizuri wakaona uvimbe mwekundu wenye vinundu kama koliflawa. Wengine walisema anatafuta dume tu. Wengine wakasema ugonjwa huo utaingia kwa watoto, basi auawe. Walipotuuliza, sisi tulijibu haraka haraka: "Kama ni kansa, kansa haiambukizi. Mwacheni tu."

Tulikosea. Miezi michache baadaye mbwa dume wawili wa majirani walikuwa na uvimbe kama ule ule. Hapo ndipo tulipokwenda kumwuliza daktari wa mifugo, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Haya tunayowaambia leo tulijifunza kwake, na kwa kusoma.

Kansa ni nini?

Mwili wa mtu na wa mnyama umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe huzeeka na kufa, na nyingine hujigawa mara mbili ili kujaza nafasi. Kazi hii huenda kwa utaratibu. Kansa ni pale chembe zinapokataa utaratibu, zikawa zinajigawa tu bila kusikia amri ya kuacha. Ni kama magugu shambani: hayangoji mvua wala ruhusa.

Kansa nyingi hubaki katika mwili ule ule zilimoanzia. Lakini hii ya mbwa ni ya ajabu. Chembe zenyewe za kansa huhama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine wakati wa kupandana, au kwa kunusana na kulambana, ndiyo maana uvimbe mwingine hutokea puani au mdomoni. Wataalamu wamechunguza chembe hizi katika nchi nyingi wakakuta zote zina asili moja: zilitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yule mbwa alikufa zamani, lakini kansa yake bado inatembea, hata hapa kwetu. Haishiki watu. Hilo mlikumbuke, msiwatishe watoto.

Dawa inafanya kazi namna gani?

Dawa inayotumika zaidi kwa ugonjwa huu inaitwa vinkristini. Chembe ikitaka kujigawa, kwanza hutengeneza nakala ya kila kitu chake. Halafu hujenga nyuzi nyembamba, kama kamba, za kuvuta nusu moja upande huu na nusu nyingine upande ule. Vinkristini huzuia kamba hizo zisijengwe. Chembe inabaki imekwama katikati, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na mwishowe inakufa. Kwa kuwa chembe za kansa hujigawa mara kwa mara, ndizo zinazopigwa zaidi.

Lakini dawa haina macho. Chembe nyingine nzuri pia hujigawa upesi: zile za matumbo, na zile zinazotengeneza damu. Kwa hivyo mbwa anaweza kutapika, kukataa chakula, au kupungukiwa na chembe nyeupe za damu zinazopigana na magonjwa. Ndiyo sababu dawa hutolewa mara moja kwa wiki na siyo kila siku: mwili upate nafasi ya kupumua. Daktari hupima damu kabla ya sindano ifuatayo, na akiona chembe nyeupe zimeshuka mno, anangoja.

Kwa kawaida mbwa huhitaji sindano kati ya 4 na 8, na kati ya mbwa 10, 9 au zaidi hupona kabisa. Kwa kansa, hiyo ni habari njema kweli. Lakini kuna kosa moja ambalo tumeliona kwa macho yetu. Mzee mmoja, jirani wa kile kikundi, aliona damu imekauka baada ya sindano ya pili akasema, "Amepona, pesa zibaki." Uvimbe ulirudi. Damu kukauka siyo kupona. Daktari ndiye atakayesema imetosha.

Dawa imetoka wapi?

Mnalijua lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali 5, linalopandwa mbele ya nyumba na hata makaburini? Asili yake ni Madagaska. Mwaka 1958 watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walitangaza dawa ya kwanza ya kansa waliyoitoa katika majani yake. Walikuwa wakitafuta dawa ya kisukari! Vinkristini ilipatikana katika mmea huo huo muda mfupi baadaye.

Sasa tafadhali, mtu asiende nyumbani kuchemsha majani hayo. Mmea huo ni sumu. Kupata dawa kidogo sana huhitaji majani mengi sana, na kipimo chake hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Kikizidi, kinaua.

Mambo ya kujihadhari

Kwanza, sindano hii hudungwa ndani ya mshipa wa damu. Ikimwagika nje ya mshipa, nyama yote ya hapo huungua na kuoza. Siyo kazi ya yule kijana anayepita na mkoba akiuza dawa za minyoo.

Pili, dawa hutoka kwa mkojo na mavi ya mbwa siku chache baada ya sindano. Anayesafisha avae glavu. Mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wasiguse uchafu huo.

Tatu, dawa za namna hii hazifai kwa ng'ombe, mbuzi wala kuku. Mabaki yake yanaweza kufika kwenye maziwa, nyama na mayai tunayokula. Ng'ombe mwenye ngozi nyeupe kuzunguka macho akiota kinundu kwenye jicho, msingoje kiwe kama embe. Mwiteni daktari akikate kingali kidogo.

Nne, kinga ni rahisi kuliko dawa. Mbwa aliyehasiwa na asiyezurura usiku hana nafasi kubwa ya kupata ugonjwa huu.

Swali la mama mmoja

Kile kikundi kilibishana sana. Mweka hazina alisema, pesa za mbuzi zitumike kwa mbwa? Mwenyekiti akamwuliza, bila mbwa, mbuzi watabaki wangapi? Wakakubaliana kuchanga kidogo kidogo kila wiki, na majirani wenye madume wakachanga pia. Jike wao alipata sindano 5 na leo analinda.

Lakini siku tulipokuwa tunafurahi, mama mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Kama mbwa anapona kansa, mbona watu wetu wanakufa?"

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu ana mtu aliyemzika.

Tulimjibu hivi. Kansa siyo ugonjwa mmoja, ni mengi, na hii ya mbwa ni kati ya zile zinazosikia dawa vizuri. Lakini hata za watu, ziko zinazosikia. Vinkristini hiyo hiyo hutumika kwa watoto wenye kansa ya damu, na kwa ile kansa inayovimbisha taya za watoto, inayoonekana sana upande wa Nyanza na Magharibi. Wengi wao hupona wakifikishwa hospitali mapema na kumaliza dawa. Kinachotuua mara nyingi ni kungoja. Tunaficha uvimbe, tunazunguka kwa waganga, tunafika hospitali umechelewa.

Yule mama alikaa kimya. Juma lililofuata alikuja ofisini na mtoto wa dada yake, taya limevimba upande mmoja. Tuliwasindikiza hospitali siku iyo hiyo. Bado anatibiwa, na hajakosa sindano hata moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mbwa wa kijijini kwetu wanahasiwa? Tunaweza kuchanga tumwite daktari wa mifugo aje siku moja kwa wote?
2. Tukiona uvimbe kwa mnyama au kwa mtu, ni nani tunayemwendea kwanza, na kwa nini?
3. Kuna mtu nyumbani kwako anayeficha uvimbe? Nani atamsindikiza?