Vituo vya Afya Vifundishane: Mhadhara wa Umma, Endasak

Kila bajeti inapopangwa hurudi hoja ileile: mhudumu wa kijijini amepungukiwa elimu, basi aitwe mjini kwenye semina, akirudi awafundishe wenzake. Umuhimu wa elimu kazini mnaujua, sitaurudia. Nimekuja kuipinga hoja hii, maana inakula fedha na bado inaheshimiwa.

Ushahidi uko jirani, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu. Aprili 2010 wahudumu wake walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere wa mazoezi, waliofaulu walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Kwa mwandaa semina, kazi imekwisha hapo. Lakini mtafiti Hege Ersdal na wenzake waliingia pia leba, wakawatazama wakunga wakiwahudumia watoto wenyewe. Huko utendaji haukuwa umebadilika. Utafiti huo wa 2013 nauthamini kuliko wowote katika fani hii, kwa sababu hospitali iliyofundisha ndiyo iliyotangaza kwamba mafunzo yake hayakufika kwa mgonjwa.

Ndipo mwanasesere akahamia wodini. Wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi mara kwa mara, papo hapo kazini. Mtafiti Estomih Mduma na wenzake walionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vikishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mazoezi kama hayo yanaweza pia kuunganisha vituo: nimewahi kumwona mkunga aliyetoka zamu ya usiku akimwelekeza mwenzake wa zahanati jirani. Barakoa ya kumpulizia mwanasesere hewa ilikuwa inavuja. Akamshika mkono, akasema, "Usikandamize, dada. Inua taya lije kwenye barakoa." Kifua cha mwanasesere kikapanda.

Wapo wanaohofu kwamba wakunga wakifundishana wenyewe watarithishana makosa. Hofu hiyo ina msingi. Mradi wa EQUIP kule Tandahimba ulikutanisha vituo vijifunze pamoja. Dawa ya kuzuia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ikatolewa zaidi, lakini mengine mengi hayakusogea. Kukutana peke yake hakutoshi. Kila kituo kije na takwimu zake, na mtaalamu awepo kusahihisha. Mpango wa Safer Births ulipounganisha mazoezi ya wodini na takwimu katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo, vifo vya watoto wakati wa uchungu na siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Matokeo yalichapishwa 2025.

Msimamo wangu haujayumba: mwalimu bora wa mkunga ni mkunga mwenzake. Naziomba halmashauri za Hanang na Mbulu zichukue sehemu ya fedha za semina, ziwalipie wakunga nauli ya kutembeleana, na kila kituo kiwe na mwanasesere wake wodini.