Joto ndani ya kamio: tuache imbabula, tutengeneze shofaji

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wamemba, mbele ya mashofere na wafadhili



Watu wa mbali wakisikia Kongo wanafikiri joto tu. Sisi wa Lubero tunajua. Ikweta iko karibu, lakini milima ni mirefu, na mwezi wa sita na wa saba, saa kumi za usiku, mikono ya shofere inakufa ganzi kwenye volani. Kamio yetu njo inabeba mbegu, mabati na vyombo vya familia zinazorudi. Mara nyingi mama mwenye mtoto muchanga tunamupandisha ndani ya kabini, juu ya kumukinga na upepo wa kule nyuma.

Kwa hiyo tuseme wazi juu ya imbabula. Kuwasha makala kati ya miguu na kufunga vioo ni kuita kifo. Gazi ya makala haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, mwili unalegea, kisha usingizi. Mukisikia hivyo, simamisheni gari, fungueni milango yote, mutoke inje, na mugonjwa apelekwe mbio kwenye kituo cha afya.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi, juu baridi ni ya kweli. Kamio nyingi za zamani ziko na shofaji yao. Inachukua maji ya moto ya motere, inayapitisha katika radiatere kidogo nyuma ya dashibodi, na ventilatere inasukuma ile hewa. Sababu gani haitoi joto? Mara nyingi termostati ilitolewa. Mafundi wanaitoa kwa kuogopa motere kuchemuka. Basi katika baridi maji yanazunguka tu bila kupata moto wa kutosha, motere inakula mazuti mingi na inazeeka upesi.

Kazi ifuatane hivi.

Kwanza, bomba ya moshi. Kama inavuja, itengenezwe mbele ya kuziba tundu lolote la kabini. La sivyo tunafungia moshi ndani pamoja na watu.

Pili, radiatere kubwa isafishwe, kisha termostati irudishwe. Ukiirudisha wakati radiatere imeziba, motere itachemuka kweli, na fundi ataitoa tena.

Tatu, motere ikishapata moto, gusa polepole mipira mibili ya shofaji. Yote ya moto: maji yanapita, angalia ventilatere na fizibo yake. Mmoja moto, mwingine baridi: kuziba kuko ndani, au robine imefungwa. Motere ikipoa, soukoa kwa maji yanayoingia upande wa kutokea, bila nguvu nyingi.

Nne, mipira ya milango na matundu ya pedali yazibwe. Hewa ya moto ielekezwe pia kwenye kioo cha mbele, juu ukungu kwenye kona za utelezi unaua kama vile makala.

Wafadhili wetu, leo hatuombi kamio mupya. Tunaomba termostati, mipira na malipo ya fundi. Na ninyi wamemba, ninaomba tupige kura juu ya mambo mawili: kazi hii iishe mbele ya mwezi wa sita, na imbabula isiingie tena ndani ya kabini, hata gari ikiwa imesimama.